Maswali ya Wasomaji: Nguo Rasmi za Kazini

Toleo lililopita lilipogusia masharti yanayoandikwa kwenye barua za ajira, wasomaji wengi walituandikia kuhusu sharti moja tu: mavazi. Tumechagua barua ambazo tatizo lake linawasumbua wengi, na tumewapa wanasafu wetu wa ushonaji na utunzaji wa nguo wazijibu.

SWALI: Ndugu wahariri, naanza kazi wiki ijayo. Barua yangu inasema "mavazi rasmi ya kiofisi", lakini siku ya usaili niliona watu wamevaa shati bila tai, na mmoja alikuwa na fulana yenye kola. Nivae nini siku ya kwanza?

JIBU: Ofisi nyingi hutumia madaraja matatu, hata kama hayaandikwi kwa majina yale yale. La juu ni rasmi kamili: suti ya rangi iliyokolea, koti na suruali au sketi za kitambaa kimoja, shati jeupe au la samawati iliyopauka, tai kwa wanaume, na viatu vya ngozi vilivyofunika vidole. Katikati kuna rasmi ya kiofisi, ambapo koti linaweza kuwa la kitambaa tofauti na tai ni hiari. La chini ni rasmi nyepesi: suruali ya kitambaa au sketi, shati lenye kola au blauzi, koti si lazima. Barua yako imetaja daraja la katikati.

Uliowaona siku ya usaili wanakuonyesha desturi ya siku ile tu. Pengine ilikuwa Ijumaa, pengine ni watu wa idara isiyoonana na wateja. Piga simu ofisi ya utumishi, uulize swali lenye jibu: "Katika idara yangu, watu huvaa koti na tai kila siku au siku za mikutano tu?" Ukiuliza "nivae nini?" utaambiwa "vaa nadhifu", na utabaki palepale ulipokuwa.

Usipopata jibu, nenda na koti na tai. Ukikuta wenzako hawana, tai inavuliwa na kuviringishwa mfukoni kabla hujafika mezani kwako. Aliyekuja bila tai hana pa kuitoa.

SWALI: Nimenunua suti ya dukani, saizi ileile niliyoizoea. Mwenzangu anasema koti limenizidi, mimi naona liko sawa na nanyoosha mikono vizuri. Nitajuaje nani mkweli? Na fundi anaweza kurekebisha kitu gani?

JIBU: Anza na mabega, kwa sababu koti zima linaning'inia hapo. Simama ubavu ukiuelekeza ukutani, sogea taratibu. Kama pedi ya bega inagusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita hapo, chini yake kitambaa kinabonyea na kufanya kishimo kwenye mkono, na hicho ndicho alichokiona mwenzako.

Kisha mwambie mtu akutazame mgongoni. Ukosi wa koti unalala juu ya ukosi wa shati bila kuacha upenyo, na shati linachungulia juu yake sentimita 1 hadi 1.5. Kwenye viganja vya mikono ni hivyohivyo: mkono wa koti unaishia kwenye kifundo, na shati linatokeza sentimita 1 hadi 1.5.

Sasa funga kifungo. Koti la vifungo viwili hufungwa cha juu, la vitatu hufungwa cha kati. Ukiona mikunjo ya umbo la X inatoka kwenye kifungo, linabana. Kiganja kilicholala kikipita kati ya kifungo na tumbo, kipimo ni kizuri. Ngumi ikiingia na kucheza, limezidi. Kifungo cha chini kiache wazi siku zote. Koti limekatwa likianza kupinda kutoka hapo kwenda pembeni, kwa hiyo ukikifunga unavuta kitambaa cha nyonga na kuharibu mstari wote wa mbele. Ukikaa, fungua vyote.

Hilo la kunyoosha mikono linawapotosha wengi. Uhuru wa mkono hautokani na ukubwa wa koti, unatokana na kwapa la koti kukaa juu, karibu na kwapa lako. Kwapa likishuka, ukinyanyua mkono koti zima linapanda nao na ukosi unaachana na shingo. Jaribu mbele ya kioo: nyoosha mkono kama unayeandika ubaoni. Koti zuri linabaki mwilini, mkono peke yake ndio unaokwenda.

Fundi mzuri anaweza kubana kiuno cha koti kwa sentimita 2 hadi 4. Zaidi ya hapo mifuko inavutwa kwenda nyuma na mpasuo wa mgongoni unaanza kuachama. Kupanua kunategemea akiba iliyoachwa kwenye mshono, na hili msilikisie: fundi afungue bitana, yaani kitambaa chepesi cha ndani ya koti, kidogo mlitazame pamoja. Kiuno cha suruali kinapungua sentimita 3 hadi 5, kisha mifuko ya nyuma inaanza kukaribiana. Mikono ya koti inafupishwa, ila kwanza kagua vifungo vyake. Kama matundu ya vifungo yametobolewa kweli, ukipunguza zaidi ya sentimita 2 vifungo vitabaki ukingoni kabisa, na fundi atalazimika kufumua mkono na kuupunguza kutokea begani. Ni kazi ndefu, na si kila fundi anaimudu.

Mabega yaliyozidi na urefu wa koti ni mambo mengine. Kufupisha koti kunaiacha mifuko chini mno, na kupunguza mabega ni sawa na kulishona upya. Koti likikosea hapo, lirudishe dukani, chukua saizi ndogo zaidi, halafu fundi amalizie kiuno na mikono.

SWALI: Je, lebo ndogo iliyoshonwa nje kwenye mkono wa koti naiacha? Ndiyo inayoonyesha kitambaa ni cha sufu halisi.

JIBU: Itoe. Imewekwa kwa nyuzi chache ili muuzaji alitambue koti likiwa limetundikwa. Toa pia ule uzi wa umbo la X unaofunga mpasuo wa mgongoni, au wa nyuma ya sketi. Umewekwa kiwandani ili nguo isijikunje safarini, na kuna watu wanaokaa nao mwaka mzima wakishangaa kwa nini koti linawabana wakikaa. Tumia mkasi mdogo wenye ncha, kata uzi kwa juu, kisha uuvute kwa vidole. Wembe unakata kitambaa. Mifuko ya mbele ikiwa imeshonwa na wewe una tabia ya kuijaza funguo na simu, iache hivyohivyo. Koti litakaa sawa kwa miaka mingi zaidi.

SWALI: Suruali yangu nyeusi ya suti inang'aa mapajani na makalioni kama imepakwa mafuta. Ina miezi minane tu, na ninaipiga pasi kila asubuhi. Je, kitambaa ni kibovu?

JIBU: Pasi ya kila asubuhi ndiyo iliyoifikisha hapo. Kitambaa cha suti kina nyuzinyuzi ndogo zilizosimama, na hizo ndizo zinazofanya rangi ionekane iliyotulia. Pasi ya moto ikiguswa moja kwa moja juu yake inazilaza na kuzibamiza, na uso uliolala unarudisha mwanga. Mapaja yanapata pasi, makalio yanapata pasi na kiti pia.

Kwanza soma lebo ya ndani. Kama ni sufu, au sufu nyingi yenye mchanganyiko kidogo, unaweza kuirudisha kwa kiasi. Changanya sehemu moja ya siki nyeupe na sehemu tatu za maji, chovya kitambaa cha pamba, kamua mpaka kisidondoshe, kilaze juu ya sehemu inayong'aa. Weka pasi juu yake kwa sekunde chache na kuinyanyua, bila kuisukuma. Mvuke ukiwa bado unatoka, chukua brashi laini usugue kinyume cha uelekeo wa nyuzi. Rudia mara mbili au tatu, iache itundikwe hadi kesho. Mng'ao wa pasi utapungua sana. Wa makalioni utapungua kidogo tu, kwa sababu pale nyuzi zimeshasagika. Kama lebo inasema polista tupu, tunasikitika: uso wake umeyeyuka kidogo, na kilichoyeyuka hakirudi.

Kuanzia leo piga pasi ukiwa umegeuza ndani nje. Mstari wa mbele unaohitaji kupigwa kwa nje, uwekee kitambaa chenye unyevu. Alama za pasi kwenye lebo zina maana hii: nukta moja ni karibu nyuzi 110 za joto, nukta mbili 150, nukta tatu 200. Polista na akriliki nyingi ziko kwenye moja, sufu kwenye mbili, pamba na kitani kwenye tatu.

Tena, sufu haitaki pasi kila siku. Ikitundikwa siku moja hadi mbili inajinyoosha yenyewe, hasa ukiitundika bafuni wakati mvuke wa maji ya moto umejaa. Shika suruali kwa pindo, kichwa chini, ili uzito wa kiuno uivute. Unahitaji suruali mbili za kupokezana, na hapa ndipo tunapowasihi wanaonunua suti: chukua koti moja na suruali mbili za kitambaa kilekile, siku ileile. Suruali huisha mara mbili haraka kuliko koti, na mwakani rangi ileile hutaipata. Zikienda kwa dobi, ziende zote tatu pamoja, ili zipauke kwa kiwango kimoja. Usizipeleke kila wiki pia. Kemikali za kusafishia bila maji zinakausha sufu. Brashi kila jioni, doa lisafishwe palepale, dobi mara chache kwa mwaka.

SWALI: Mimi ni dada mwenye kifua kikubwa. Blauzi zote za vifungo zinaachama katikati, na sketi yangu ya kubana inapanda nikitembea mpaka naishusha kila hatua. Isitoshe, msimamizi wangu anataka viatu vya mchuchumio. Nisaidieni.

JIBU: Dada, mwili wako hauna kosa lolote; blauzi hizo zimekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Blauzi inaachama pale sehemu pana ya kifua inapoangukia katikati ya vifungo viwili. Unapojaribu dukani, tafuta blauzi ambayo kifungo kimoja kinaangukia hasa kwenye mstari huo. Nunua kwa kipimo cha kifua, hata kama kiuno kitapwaya, kisha fundi aingize vipindo, yaani mikunjo midogo iliyoshonwa ili kubana kitambaa, viwili mgongoni na viwili mbele chini ya kifua. Kwa blauzi ulizonazo, shona kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, katikati ya vifungo viwili vinavyoachana. Hakionekani nje. Pini ya usalama inatoboa na kuacha tundu linalopanuka, usiizoee.

Sketi inapanda kwa sababu inabana nyonga. Kitambaa kilichobanwa hukimbilia sehemu nyembamba ya mwili, na sehemu hiyo ni kiuno. Ukinunua ndefu zaidi yenye nyonga zilezile, itapanda vilevile. Fundi aachie sentimita 1 hadi 1.5 kila upande kwenye nyonga, kama akiba ipo. Kama inazunguka, zipu ya nyuma ikaja ubavuni, basi ni kiuno kilichopwaya. Na kama kitambaa kinang'ang'ania miguu, vaa shumizi ndani. Sketi isiyo na bitana haina budi kuwa nayo. Ukijaribu sketi mpya, ikalie kwenye kiti mbele ya kioo. Pindo lililokuwa gotini ukisimama linaweza kupanda kwa sentimita kadhaa ukikaa, na ofisini utakaa kuliko utakavyosimama.

Kuhusu mchuchumio, tunasema bila kigugumizi: kazi ya kusimama au kutembea siku nzima haihitaji kisigino kirefu, na urasmi wa kiatu haupo kwenye urefu wa kisigino. Kiatu cha ngozi kilichofunika vidole, chenye kisigino cha sentimita 2 hadi 4, kinakubalika katika daraja zote tatu. Si wewe peke yako unayelalamika. Mwaka 2017 Ufilipino ilitoa agizo linalokataza waajiri kuwalazimisha wafanyakazi wa kike kuvaa visigino virefu, na mwaka huohuo jimbo la British Columbia nchini Kanada likafuta masharti ya aina hiyo. Omba sera ya mavazi iliyoandikwa. Mara nyingi utakuta imeandikwa "viatu rasmi" tu, na urefu ameuongeza msimamizi mwenyewe.

SWALI: Tai yangu ikimaliza kufungwa inafika kifuani, au inapita zipu. Kila asubuhi nafunga mara nne.

JIBU: Ncha ya upande mpana inatakiwa iguse bizimu ya mkanda. Tai nyingi zina urefu wa sentimita 145 hadi 150, kwa hiyo kinachobadilika ni pale unapoanzia. Ivae shingoni, upande mpana kuliani ukining'inia kama sentimita 30 chini kuliko mwembamba. Pitisha mpana juu ya mwembamba, uzungushe nyuma yake, uulete tena mbele, uupandishe kwa ndani kupitia shingoni, kisha uushushe kwenye kitanzi ulichokifanya mbele. Kaza kwa kushika fundo na kuvuta upande mwembamba. Ikifika kifuani, kesho anza na sentimita 35 au zaidi. Ikipita zipu, anza na 25. Ukishapata kipimo, angalia upande mwembamba unaanzia wapi kwenye shati, kwa mfano mkabala na kifungo cha nne, na uanzie hapo kila siku. Jioni fungua fundo kabisa. Tai inayovuliwa ikiwa imefungwa hubaki na kovu.

SWALI: Nafunika kichwa, na mtandio unateleza mara nyingi katika mkutano. Pini zimeshatoboa mitandio miwili.

JIBU: Vaa kofia ya ndani ya pamba, mtandio unateleza juu ya nywele na juu ya kofia ya kitambaa kinachong'aa. Tumia vibanio vya sumaku badala ya pini, lakini usiviweke karibu na kadi ya mlango yenye ukanda mweusi wa sumaku. Rangi moja iliyotulia, isiyong'aa, inakwenda na koti lolote, na ncha zikiingizwa ndani ya koti hazitavuta wala kufunika kitambulisho.

SWALI: Mashati yangu meupe yanageuka manjano makwapani. Nayaloweka kwenye klorini, yanazidi. Na je, ni lazima nivae koti wakati wa joto?

JIBU: Manjano hayo hayaletwi na jasho peke yake. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, na zikikutana na jasho zinaacha utando kwenye pamba. Klorini inaufanya uwe manjano zaidi, kama ulivyoona. Acha kuitumia. Changanya vijiko viwili vya bikaboneti ya soda, kijiko kimoja cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na maji kidogo mpaka upate uji mzito. Paka kwapani kwa ndani, acha nusu saa, sugua kwa mswaki laini, fua kwa maji vuguvugu. Ni kwa mashati meupe tu. Peroksaidi inafifisha rangi. Kagua kabla ya kupiga pasi, kwa sababu joto la pasi linalikausha doa likabaki kwa kudumu. Na asubuhi, baada ya kupaka dawa ya kwapa, subiri ikauke kabisa ndipo uvae shati.

Kuhusu koti na joto, tatizo la kwanza kwa kawaida ni bitana. Bitana ya polista inayofunika mgongo mzima inazuia hewa hata kama kitambaa cha nje ni chepesi. Tafuta koti lenye nusu bitana, la sufu iliyofumwa kwa upenyo, lenye uzito wa gramu 240 hadi 280 kwa mita. Kitani kinapitisha hewa vizuri zaidi, ila kufikia saa ya chakula cha mchana kitakuwa kimejikunja. Kwa mkutano wa asubuhi kinatosha. Usivutwe na namba kubwa kwenye lebo za sufu. Super 100 inaonyesha unyuzi wa sufu ambao unene wake hauzidi maikroni 18.75 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), Super 150 hauzidi 16.25. Namba ikipanda unyuzi unakuwa mwembamba na laini, na kitambaa kinachakaa haraka. Kwa nguo ya kila siku, 100 hadi 120 inatosha.

Ofisi nazo zinaweza kusikiliza. Mwaka 2005 wizara ya mazingira ya Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz: kiyoyozi cha ofisini kiwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watumishi waache koti na tai. Ukimwandikia mwajiri wako kuomba msimu wa namna hiyo, taja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na siku ambazo koti litabaki kuwa lazima. Ombi lenye mipaka linajadiliwa kwa urahisi zaidi.

SWALI: Mvua imelowesha viatu vyangu vya ngozi. Niliviweka karibu na jiko, sasa vimekakamaa na vimepasuka kwenye mikunjo.

JIBU: Ufa uliokwishatokea hauzibiki, unaweza tu kuufanya usionekane sana. Safari nyingine fanya hivi: futa matope, toa kamba na soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, badilisha karatasi baada ya saa moja na tena kabla ya kulala. Vilaze ubavu ili soli nayo ipate hewa, kivulini, mbali na jiko na jua. Vinahitaji saa 24 hadi 48. Ngozi inapokauka kwa joto inapoteza mafuta yake, ndiyo maana inavunjika pale mguu unapokunja.

Vikishakauka, paka krimu ya ngozi kwanza, kiasi cha punje mbili za maharage kwa kila kiatu, isubiri dakika 10 inywewe, ndipo upake nta ya kung'arisha. Wengi wanaruka krimu na kwenda moja kwa moja kwenye nta. Nta inang'arisha juu, ndani ngozi inabaki na kiu. Nunua jozi ya pili mapema uwezavyo, upumzishe kila jozi siku moja kamili baada ya kuivaa. Jasho la mguu nalo ni maji, na linahitaji muda wa kukauka.